Salamu kwa Mfalme Asiyekuwepo

Mjukuu wangu Nakato,

Huku Nsambya tu wazima. Mama yako ananisomea barua zako kwa sauti kubwa, kana kwamba naishi ng'ambo ya ziwa. Iliyogoma ni miguu, masikio bado. Unauliza kwa nini nilirudi Kampala kutoka Misri miaka ile ya utawala wa jeshi, na wenzangu wakabaki nje. Watu niliwaambia ni kazi. Kabla sijaondoka duniani, pokea ukweli.

Mafunzo ya unesi yalipokwisha, mimi na rafiki yangu Akello tuliamua hatutarudi. Kwanza tukaenda Luxor kuona makaburi ya wafalme. Mlangoni nikavua viatu, ndani nikapiga magoti nikamwamkia mfalme, kama tufanyavyo kwetu Buganda. Mlinzi mzee akacheka.

"Binti, mwenyewe hayupo! Walimhamishia makumbusho ya Cairo."

"Umeamkia ukuta!" Akello akapiga kelele.

Nilicheka nao. Kisha nikatazama kuta zile: watumishi, mikate, bata, vyote vimechorwa ili asipungukiwe. Nikamuuliza mlinzi, "Watu wa ukoo wake huja?"

"Huja wageni tu, kama ninyi."

Nikamkumbuka baba yangu, peke yake katika nyumba yake ya wafanyakazi wa reli. Juma lile lile nikarudi. Alifungua mlango, akanikodolea macho.

"Mjinga wewe! Wenzako wanakimbia, wewe unarudi?"

Alinigombeza hadi chai ikapoa, na muda wote huo hakuuachia mkono wangu.

Jajja wako