Gari la Binamu Kwenye Lango la Barabara Kuu

Jumatatu, 4 Machi
Limewekwa! Gari la marehemu binamu yangu, mtoto wa shangazi, sasa lipo juu ya jukwaa la zege pale magari yanapoingia barabara kuu ya njia sita. Boneti imekunjamana, usukani umepinda — vyote peupe. Chini yake maneno yangu, herufi nyekundu: ALIPITA NJIA YA DHARURA. ALIJIONA MJANJA. Kamati ya wanafunzi ikapiga makofi. Mwenyekiti akasema kampeni sasa imeota meno. Vipeperushi vimewabembeleza madereva miaka mingapi? Woga hufundisha pale adabu inaposhindwa!

Shangazi alitia sahihi bila miwani. Nilimwambia ni karatasi ya kulitoa gari polisi. Na kweli limetolewa.

Jumatano, 6 Machi
Shangazi ameliona akiwa ndani ya basi. Kashuka. Nilimkuta akipangusa usukani kwa mtandio wake.

"Gari liache, mwanangu, sisemi. Ila hilo neno 'mjanja' lifute. Mtoto yule alikuwa anaogopa hata kuruka mtaro."

Nikamweleza: takwimu, saikolojia ya umma, maslahi mapana ya taifa. Alinisikiliza kama mtu anayengoja mvua ikatike. Kisha: "Sasa alikuwa anakimbilia nini?"

Nikasema sijui.

Najua. Alikuwa anakuja kunipeleka kwenye mdahalo. Foleni haisogei, akasema kwenye simu; kisha akaacha kupokea. Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Pita pembeni, wewe! Una gari au una toroli?" Aliusikiliza. Alama mbili za buluu. Basi! Lakini usukani ulikuwa mikononi mwa nani? Mimi nilichukua teksi. Nilishinda mdahalo.

Ijumaa, 8 Machi
Askari wa barabarani anasema njia ya dharura i wazi tangu Jumanne. Magari ya wagonjwa yanapita bila honi. Ushahidi! Akiwa hai, binamu hakuwahi kumnyoosha hata mtu mmoja.

Neno halifutwi.

Shangazi amekuja tena na kitambaa chake. Kapata simu ya marehemu, imebanwa chini ya kiti. Kaipeleka kwa fundi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kwa fundi simu. Nikamwambia mali ya marehemu ni ya familia, na familia ni mimi.

"Umechelewa, dada. Mama yake kaichukua asubuhi. Inawaka vizuri tu, ila betri haidumu."

Jumatatu, 11 Machi
Uzinduzi. Naandika nyuma ya jukwaa, daftari gotini. Kamera tatu. Mkuu wa usalama barabarani yuko kiti cha mbele. Ratiba niliipanga mwenyewe: hotuba yangu, kisha Neno la Mama wa Marehemu, dakika mbili. Nilitaka machozi yake tu, ya kupambia.

Nimemfuata. Shangazi, muda umetubana, wewe hutazungumza. Akaninyoosha kola, taratibu, kama siku ile nilipoanza chuo.

"Usihangaike, mwanangu. Mimi sina maneno. Nimeleta yako."

Fundi mitambo anachomeka waya wa spika kwenye simu iliyopasuka kioo. Shangazi ameishika kwa mikono miwili. Macho yake hayabanduki kwangu.

Mwenyekiti ananiita. Makofi! Hotuba yangu ni ya dakika tano. Naweza kuivuta. Naweza kusema nusu saa, saa nzima, mpaka ile betri —