Kikao cha Macho Kuhusu Bunduki Anayoitaka Levis

UMOJA WA KUFAANA, DOHA

Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024, katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa chai ya karak, Al Sadd, kuanzia saa kumi alasiri.

WALIOHUDHURIA
Joram – Mwenyekiti (mlinzi, anakaa Industrial Area)
Pamela – Mweka Hazina (mlinzi wa hoteli)
Hadijah – Mjumbe (mlinzi, kwao Jinja alitunza ghala la bunduki la kampuni ya ulinzi)
Levis – Mjumbe na mwenye shauri (analala chumba kimoja na Mwenyekiti)
Augustine – Katibu (dereva)

KWA SIMU
Virginia – mke wa Levis, akiwa dukani kwa muuzaji, Nanyuki

WASIOHUDHURIA KWA UDHURU
Trevor – yuko zamu kazini, mtaa wa The Pearl

WASIOHUDHURIA BILA UDHURU
Carolyne – alituma picha ya kidole gumba. Katiba yetu haisemi kama hicho ni udhuru.

KUMB. NA. 1/11/2024: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kwa sala aliyoahidi kuwa fupi. Alieleza kwamba kikao kililetwa Al Sadd kwa sababu kambi ya wafanyakazi anakokaa hairuhusu wanawake kuingia, na kamati haiwezi kuzungumzia bunduki bila Hadijah. Aliongeza kwamba yeye mwenyewe pia anazijua bunduki. Hadijah alikunywa chai.

Kwa kuwa karatasi husafiri mbali kuliko mwenyewe, Katibu aliagizwa kuandika wazi kwamba hapakuwa na silaha yoyote kikaoni, hakuna mwanachama anayemiliki silaha hapa Qatar, na bunduki inayojadiliwa iko Nanyuki ndani ya kabati la muuzaji mwenye kibali. Katibu ameandika.

KUMB. NA. 2/11/2024: KANUNI YA MACHO

Mwenyekiti alikumbusha kanuni kwamba mwanachama hanunui kitu kikubwa nyumbani mpaka kamati ikitazame kwa simu, mtu wa nyumbani akikishika mkononi. Kanuni ilipitishwa baada ya Pamela kununua ploti Kitengela, ikaja kujulikana kwamba ile aliyoonyeshwa kwenye video ilikuwa ya jirani. Pamela aliomba mfano huo uachwe kutumika. Mwenyekiti alisema ni mfano mzuri. Pamela alisema anajua ni mzuri, ndiyo maana anauomba upumzike.

KUMB. NA. 3/11/2024: SHAURI LA LEVIS

Levis alieleza kwamba mkataba wake unakwisha mwezi ujao, na mudir, yaani meneja wake, anataka jibu Jumapili: atie sahihi upya au akatiwe tiketi ya kurudi moja kwa moja. Nyumbani kwake, upande wa Rumuruti, ana kondoo. Fisi wanajua pia kwamba ana kondoo. Wakija, mkewe hutoka na tochi akigonga sufuria, peke yake na binti yao Kendi. Sasa amepata bunduki ya marisau ya mitutu miwili, iliyotumika. Ikiwa nzima atarudi, aombe leseni yeye mwenyewe kwa kufuata sheria, na akishapewa ainunue. Ikiwa mbovu hana la kurudia kwa sasa, atatia sahihi.

Katibu aliuliza kama hakuna njia ya tatu. Levis alisema hakuelewa swali.

KUMB. NA. 4/11/2024: MADAI YA MUUZAJI

Virginia aliunganishwa kwa simu. Saa za Doha na za Nanyuki ni zile zile, na hilo ndilo jambo pekee la nyumbani tunalolipata bila kuchelewa. Muuzaji alisogezewa simu, akaeleza kwamba bunduki ilikuwa ya mzee mmoja mwenye shamba, aliyeitumia kwa kanga tu, tena mara chache, kwa sababu macho yalikuwa yamemchoka. Alisema haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, rangi yake ni ileile, na leseni si kazi kubwa, kwani ya mzee bado ipo na inaweza "kusaidia saidia."

Hadijah alisema leseni ni ya mtu na bunduki yake, haihami kama shati. Alimwomba muuzaji asiitaje tena, maana akiitaja mara ya pili kikao kitaishia hapo.

Muuzaji alisema alikuwa anatania.

Mwenyekiti alisema kwa maoni yake kikao kingeweza kuishia hapo hata bila ya mara ya pili. Hakuungwa mkono.

KUMB. NA. 5/11/2024: UKAGUZI

Hadijah alimwelekeza Virginia, akimwita mama Kendi, kwanza muuzaji afungue bunduki mbele ya kamera ionekane haina kitu ndani. Ilionekana tupu. Kisha kamera ilipitishwa polepole.

(a) Skrubu. Vichwa vyake vilikuwa vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake. Hadijah aliuliza ni nani aliyezitafuna, kama bunduki haijafunguliwa tangu kiwandani. Muuzaji alisema ni hewa ya mlimani. Hadijah alisema, kwa neno la pole la kwao Jinja, "Hewa ya huko ina meno, bambi."

(b) Rangi. Nyeusi, nzuri, inang'aa kila mahali sawasawa. Hadijah alieleza kwamba hapo ndipo penye shaka: bunduki ya shamba huchakaa pale mkono unaposhika, na penginepo hubaki. Hii ilikuwa haina mahali palipozoeleka. Nakshi za ndege ubavuni zilikuwa zimelainika kingo kama sabuni iliyotumika, maana yake chuma kilipigwa msasa kwanza ndipo kikapakwa upya.

(c) Kitako. Mti wenye alama ya shavu. Hadijah alisema mtu aliyeacha shavu lake kwenye mti hakupiga mara chache.

(d) Nambari. Ya mitutu na ya mwili wa bunduki zilisomwa na Virginia. Zilifanana.

(e) Bawaba. Mkono wa mbele, yaani mti wa chini ya mitutu, ulitolewa, bunduki ikafungwa, ikatikiswa karibu na simu. Haikuchezacheza. Wenzo wa kufungia ulisimama kulia kidogo ya katikati, ambapo ndipo unapotakiwa kuwa. Ukishavuka kwenda kushoto bunduki imezeeka.

(f) Ndani ya mitutu. Virginia aliielekeza mlangoni kwenye mwanga. Kamati iliona duara mbili nyeupe na mtu akipita na punda. Vishimo vya kutu havikuonekana. Mwenyekiti alisema ameviona. Alipoulizwa viko wapi, alisema simu imesogea.

KUMB. NA. 6/11/2024: MLIO

Hadijah alieleza kwamba bado jambo moja. Mitutu miwili huunganishwa kwa lehemu. Ikitolewa kwenye mwili wa bunduki, ikaning'inizwa kwenye kidole na kugongwa kwa kipande cha mti, mizima hulia kama kengele. Ambayo lehemu yake imeachia hunguruma kama sufuria yenye ufa, na hiyo hainunuliwi hata kwa zawadi.

Mpishi wa mkahawa aliombwa azime mashine ya juisi. Alizima, akabaki mlangoni na taulo begani. Virginia alining'iniza mitutu, akagonga kwa mpini wa kijiko cha mti alichotoka nacho nyumbani.

Katibu ataandika alichosikia. Ulikuwa mlio mwembamba na mrefu, ukaendelea baada ya pale ambapo mtu angedhani umekwisha. Nyuma yake tulisikia jogoo, pikipiki, na mwanamke akimwita mtoto aje kula. Pamela alifuta macho na kusema ni moshi wa jikoni.

Mwenyekiti alisema mlio umenguruma.

KUMB. NA. 7/11/2024: MABISHANO

Pamela aliomba ufafanuzi. Mazungumzo yaliyofuata yameandikwa yalivyotamkwa kwa ombi la Pamela.

Pamela: "Umenguruma wapi, Chairman?"

Mwenyekiti: "Mimi nimesikia. Na muuzaji ni mwongo, si mmemsikia na hewa yake?"

Hadijah: "Muuzaji mwongo, ndiyo. Chuma hakijasema uongo. Imetumika sana, imetunzwa, ikafunguliwa na mtu asiye na bisibisi. Nzima."

Pamela: "Ng'ombe wa baba Kendi ulisema anachechemea. Posho mill ukasema mkanda unalia. Pikipiki ukasema imegongwa. Kila mwaka analeta kitu, unakitoa kasoro, anatia sahihi tena. Wewe na yeye mnarudi chumbani mnakaanga mayai."

Mwenyekiti: "Pikipiki ilikuwa imegongwa."

Pamela: "Kioo tu, Chairman. Kioo."

Mwenyekiti alisogeza kikombe chake. Alisema kwamba chumba kina watu wanane, na wa kuongea naye ni mmoja, na kwamba hilo lisiandikwe. Kamati ilipiga kura kuhusu kuandikwa kwake. Limeandikwa.

Hapo Virginia, ambaye hakuna aliyekumbuka kukata simu yake, aliomba nafasi. Alisema, "Shikamoo mzee Joram. Usilaumiwe peke yako. Ng'ombe ni yeye aliyetaka mumtazame, mimi nilishamkamua. Posho mill inasaga mpaka leo, ni ya jirani. Baba Kendi huwaletea nyinyi vitu ili mvikatae."

Mwenyekiti aliitikia marahaba.

KUMB. NA. 8/11/2024: UAMUZI

Mwenyekiti, kwa sauti ambayo Katibu alilazimika kusogea kuisikia, alimwomba Levis aseme yeye mwenyewe alisikia nini mitutu ilipogongwa.

Levis alisema hakusikiliza. Alisema simu ilipokuwa karibu vile aliuona mkono wa mkewe umeshika kile kijiko cha mti, na akadhani ni mkono wa mtu mwingine, wa mfanyakazi wa duka labda. Vifundo vimevimba. Kidole cha shahada kina kovu refu. Aliitazama pete ndipo akajua. Kila wiki wanaongea, lakini Virginia huweka simu juu ya kabati akakaa mbali kidogo, uso tu, na kitambaa kizuri. Alisema kovu hilo ni la zamani, limeshakuwa jeupe, na yeye hajui ni la nini.

Virginia alisema ni la mabati.

Levis alisema anaogopa kurudi, kwa sababu huko kila kitu kimezoea kuwa bila yeye, na hapa angalau anajua kitanda chake. Alisema alitaka bunduki ili akifika awe na kazi ya kufanya usiku.

Virginia alisema, "Kazi ipo na mchana. Njoo na bunduki, njoo bila. Mimi niliitwa hapa kugonga chuma, sikuulizwa kama nakitaka."

Iliamuliwa:
(i) Bunduki ni nzima. Habari za mzee, kanga na kiwanda zisinunuliwe pamoja nayo, na bei ipunguzwe kwa kadiri ya habari hizo.
(ii) Hakuna malipo yoyote mpaka Levis afike, aombe leseni na apewe. Asipopewa, sufuria iendelee kutumika, ila agonge yeye.
(iii) Levis arudi.

Azimio la (iii) lilitolewa na Mwenyekiti na kuungwa mkono na Hadijah.

Levis alimwandikia mudir ujumbe hapohapo, akampa Katibu simu amkagulie Kiingereza. Hapakuwa na cha kusahihisha. Katibu aliishika simu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akamrudishia, naye akatuma.

KUMB. NA. 9/11/2024: MENGINEYO

Ilielezwa kwamba kitanda cha Levis ni cha chini, karibu na AC, na kwa desturi kitanda cha namna hiyo hugombewa kabla mwenyewe hajafunga begi. Mwenyekiti, anayelala juu yake, aliulizwa kama angependa kushuka. Alisema hapana, goti lake limeshazoea kupanda. Aliulizwa basi nani aandikiwe kitanda. Alisema kiachwe wazi kwanza.

Kitanda hakina mwombaji.

KUFUNGA KIKAO

Hadijah alifunga kwa dua, ikiwa zamu ya Waislamu, saa kumi na moja na nusu. Mashine ya juisi iliwashwa. Levis na Mwenyekiti waliondoka pamoja kuwahi basi la kambi, Mwenyekiti akiwa amembebea Levis koti ingawa hapakuwa na baridi.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Joram, Mwenyekiti (sahihi) – ametia sahihi, akaandika pembeni: "Mitutu ililia vizuri."

Augustine, Katibu (sahihi)