Kamusi Tuliyoiandika Wawili

Mwalimu wangu Bi Zuwena,

Nimekusomea khitma, nimekulilia miezi minne, na leo nnakuandikia kwa hasira.

Ijumaa mwanao Said alinialika chakula cha mchana nyumbani kwake Bawshar. Tulipomaliza kula akaniletea kitabu kipya, uso umemng'ara. "Kamusi ya mama imetoka," akasema. Nikalitazama jalada: jina lako peke yake. Nikafungua penye shukrani. Umemshukuru Said, umemshukuru marehemu mumeo, hata daktari wako wa macho. Mimi simo.

Miaka sita, Bi Zuwena. Kila Jumamosi nikitoka kazini Khuwair nnakuja kwako, wewe unanisomea neno la Kichina, mie nnalitafutia Kiswahili chake.

Nikalitafuta neno *ren*. Unakumbuka tulivyogombana? Ulitaka tuliandike "hisani". Nikakwambia hisani mtu humfanyia aliye chini yake, na neno hili Wachina wameliandika kwa alama ya mtu, na ubavuni alama ya mbili. Basi ni watu wawili waliokaa sawa. Tuliite "utu". Siku mbili hukunisemesha. Ya tatu ukanipigia simu: "Umenishinda, mwanangu. Ni utu." Nilifurahi hata nikalia.

Kitabuni limeandikwa "utu". Maelezo yake yote ni yangu, hata ule mfano wa jirani anayebisha hodi kujulia hali tu. Ulilifahamu neno lile barabara, ukaliandika, kisha ukanifuta.

Nikamwambia Said kamusi hii tumeiandika wawili. Akainamisha kichwa. "Mama alisema ulikuwa ukimpigia chapa tu."

Kupiga chapa! Nikaaga, kahawa sikuinywa.

Jumatatu mgeni wa Kichina alikuja ofisini kwetu, nikamkalimania. Akaniuliza nani kanifundisha lugha yake vizuri hivi. Nilitaka kusema nimejifunza mwenyewe. Wallahi neno lilikuwa mdomoni. Nikalitaja jina lako, nikamweleza ulivyokuwa ukinirudisha kwenye matamshi mpaka yakae. Sijui kwa nini. Hukustahiki.

Kesho nnawapelekea wachapishaji madaftari yangu yote, yenye mwandiko wangu na masahihisho yako. Nitalidai jina langu. Lako sitaomba litolewe.

Kwaheri, mwalimu. Allah akurehemu. Dua yangu hutoikosa. Na kukusamehe, nnakuahidi nitajaribu, lakini si leo.

Mwanafunzi wako,
Rahma