Ijumaa Tuliyogoma Kuingia Ofisini

Zawadi mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa kijijini Mnyambe tu wazima, mama yako anapalilia mikorosho. Unauliza kama watu wa dini wana haki ya kuisemesha serikali.

Ujanani tulidai maji, sisi wa kanisani na wenzetu Waislamu. Mkubwa wa wilaya akapanga kikao Ijumaa mchana. Siku ilipofika akatuambia, "Nyie wa kanisani ingieni, tuanze."

Tukakaa chini mlangoni na ndoo zetu tupu. Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Wenzetu wako msikitini, tunawasubiri."

Walipofika tuliingia pamoja, na mwalimu wa madrasa akatusemea sote. Hakuanza na watoto wake. Alianza na wa kwetu wa kanisani, waliochelewa shule kwa kutafuta maji.

Bomba lilikuja.

Bibi yako, ambaye bado anateka maji hapo.