Makori, Wimbo Wetu Umechaguliwa

Makori, ndugu yangu,

Ni mimi Ombati. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sijamwomba mtu aniandikie. Ulikuwa unasema darasa la tatu si masomo. Sasa angalia, ukurasa wa kwanza unajaa na mkono bado una nguvu.

Tangu tukuzike mwaka haujaisha. Kituo cha majani chai kimewekwa mabati mapya. Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike. Mke wako Kerubo ana afya, ni goti tu linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Chai yako anaitunza vizuri, ingawa yangu ni nzuri zaidi, hiyo unajua.

Habari yenyewe ni hii. Ule wimbo wetu wa Nyaboke umechaguliwa.

Nakueleza polepole kwa sababu hata mimi nilielezwa mara tatu. Kuna hawa waimbaji wa siku hizi, wale wanaojaza uwanja mjini Kisii na watoto wanalia wakiwaona. Wamekutana kumi na wawili. Kila mmoja amechagua wimbo mmoja wa zamani anaoupenda kuliko zote. Si kuuimba upya, hapana, ni uleule vile ulitoka kwenye santuri, na zote zinawekwa kwa albamu moja. Ndani kutakuwa na kijitabu cha kusema nani aliimba, nani alipiga nini, nani alitunga. Msichana mmoja anaitwa Moraa, yuko kwa redio asubuhi na jioni, angechagua wimbo wowote wa dunia hii. Akachagua wetu. Nimewaambia watu wote wa Ikonge. Wengine nimewaambia mara mbili.

Moraa alikuja mwenyewe hapa kwangu na kalamu yake. Akaniita sokoro, kama babu yake kabisa, akala ndizi zangu, akasema, "Sokoro, sauti yako ni nzuri. Lakini mimi nilichagua huu wimbo kwa sababu ya gita. Inanguruma kama ng'ombe dume. Nani alipiga?"

Nikasema, "Mimi."

Makori, ilitoka yenyewe. Kwa ile santuri kuna jina moja tu, langu, na nimeitikia hilo jina miaka mingi mpaka mdomo umezoea. Akauliza sauti ya pili ni ya nani. Nikasema ni yangu pia, nilirekodiwa mara mbili. Akauliza nani alitunga. Unajua nilichosema. Akaandika Ombati, Ombati, Ombati. Nilimwona akiandika na sikumzuia.

Lakini wewe ndiye ulinifunga, usijifanye. Siku ile Kisumu mwenye studio alipouliza majina, ulinivuta kando ukaniambia, "Weka lako tu. Mzee akisikia napiga gita kwa baa, harusi imekufa." Mzee ni baba yake Kerubo, mtu wa Sabato, mzee wa kanisa ambaye hata filimbi ya polisi aliona ni anasa. Na wimbo ulikuwa wa Kerubo. Jina la Nyaboke uliliweka kumficha. Nikakupa neno langu kwamba sitasema kwa mtu, na kwake hasa. Nilidhani ni mpaka harusi. Kumbe ukaoa, ukabatizwa, ukawa shemasi, ukawa mzee wa kanisa wewe mwenyewe, na neno langu likabaki limefungwa humohumo.

Gita ukaigawa. Sawa. Lakini nilikuwa nakuona. Redio yangu ikipiga Nyaboke na wewe unapita barabarani, ulikuwa unasimama kufunga kamba za viatu. Siku moja uliinama mpaka wimbo ukaisha, na ulikuwa umevaa gambuti za mpira, zisizo na kamba.

Basi. Baada ya wiki moja Moraa akapiga simu. Anataka kuipiga ile gita yeye mwenyewe siku ya kuzindua albamu, lakini nyuzi zinamkatalia. Anaomba aje nimfundishe. Nikasema njoo. Mimi Ombati sijawahi kushindwa na kitu. Nikaazima gita kwa mwalimu wa kwaya ya Wakatoliki, nikakaa nayo siku nne. Nilikumbuka ule uzi mnene ulikuwa unaulegeza, ukisema unataka ulie kama obokano ya babu yako, ile ala ya nyuzi nane. Nikaulegeza. Ukalia kama mlango. Nikaukaza, ukakatika ukanichapa kidole. Kugonga chupa ya soda kwa msumari, hapo sina mpinzani Nyamira yote, na wimbo wetu bila ile chupa hauendi popote. Lakini gita sijui. Sikuwahi kujua. Maneno hayo machache yamenichukua asubuhi nzima kuyaandika.

Nikafikiria. Nikisema ukweli, nimevunja neno nililompa mtu ambaye sasa hawezi kunirudishia. Nikinyamaza, kijitabu kinachapishwa, na kikishachapishwa hakuna wa kukifuta. Vidole vyako vinakuwa vyangu mpaka mwisho wa dunia. Nilijisifu sana maisha yangu, na nilikuwa na sababu, lakini hiyo ilinishinda.

Jumapili nikaenda kwa Kerubo. Jumamosi sikwenda, nina adabu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

Akasema, "Ombati, gita? Wewe hata jembe unashika kama kijiko."

Nikasema ndiyo, hicho ndicho kimenileta.

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Huo wimbo nilikuwa nauzima. Kila ukianza kwa redio, nazima. Nasema, huyo ni Ombati na wasichana wake. Na yeye amekaa hapo."

Nikamwuliza ulikuwa unafanya nini.

"Alikuwa anakunywa chai."

Nikavuta kigoda nikakaa. Akaniambia niuweke. Ninao kwa simu. Wimbo ulipofika pale sauti yako inaingia nikaanza kumwonyesha, akasema, "Shemeji, nyamaza." Akausikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama kuna mwingine uliomtungia. Nikasema ni huo mmoja. Akarudi kwa maharagwe, lakini nilimwona anatupa mazuri na kuweka mabovu.

Nikamwuliza, na kanisa? Makori alizikwa na kwaya tatu. Watu watasema.

Akasema, "Mjane ni mimi. Waje waniulize mimi. Wewe andikisha jina lake."

Nikampigia Moraa palepale, Kerubo akisikia. Gita, Makori. Sauti ya pili, Makori. Mtunzi, Makori. Moraa akauliza, "Sokoro, kwa hivyo wewe ulifanya nini?" Nikamwambia sauti ya kwanza na chupa. Akacheka. Sikupenda. Nikamwambia hiyo chupa aiandike kwa herufi kubwa.

Vile ulikuwa unalegeza ule uzi mnene hakuna anayejua tena. Umekwenda na mlio wake. Moraa anasema atautafuta mpaka aupate. Ni mbishi kama mimi.

Makori, nimevunja neno langu. Sikuombi msamaha, kwa sababu hata leo ningelivunja. Ukitaka tugombane, ningoje, nitakuja, ila sina haraka, kuna chai changa nimepanda juzi. Kerubo ameniomba nimwekee wimbo kwa simu yake. Nimemwekea. Siku ya Sabato haupigi. Siku zingine sijui, mimi sikai kwake.

Kwa ule uzinduzi wamesema nitapewa kipaza sauti dakika tatu. Dakika tatu hazijawahi kunitosha, unanijua. Lakini ya kwanza ni yako. Nitasema jina lako na la baba yako na kijiji chako, ndipo nifike kwangu. Na kuanzia siku hiyo, popote Nyaboke itakapolia nikiwa karibu, wakiniuliza nani alipiga gita nitasema ni Makori. Wasiponiuliza, nitasema.

Lala sasa, ndugu yangu.

Ombati