Mwenye Kukamata Freni

Blanchard, Elodie,

Nimeenda soko na skuta. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, iko mu sufuria, muipashe moto mbele ya kukula. ~~Kisha mukuye kunisaidia kubeba.~~ Hapana, mubaki na telefone zenu.

Asubui nilibadirisha mukaba ya moteri ya skuta na rola zake. Ile ni kazi ya watu wawili. Zamani, mbele papa yenu aende kazi ya migodi kule Kilo, yeye alikuwa anafungua nati, mimi nakamata freni juu gurudumu isizunguke. Leo niliwaita, mukajibu: "Tunakuya, mama." Nikangoja mupaka chai yangu ikapoa, mukabaki na telefone. Kisha nikafunga freni na kitenge, nikafungua peke yangu.

Papa akapiga simu kutoka Kilo, akauliza: "Nani alikukamatia freni?"

Nikamuambia: "Watoto wako."

Alifurahi sana. Akiwauliza, museme hivyo hivyo.

Mama yenu