Rundo Langu la Magugu Maji

Pasiansi, Jumanne

Amelichoma! Shemeji, mdogo wa mume wangu, kaja jana na ng'ombe wake kutoka Kisesa, na jioni hii kaliwasha rundo langu la magugu maji ili moshi ufukuze mbu, kama wanavyofanya kwao.

Tangu nipunguzwe kazi kiwandani nayavuta ziwani, nayachanganya na pumba za mpunga, nayageuza mpaka yaoze yawe mboji. Leo yalikuwa meusi, makavu, tayari kuchekechwa nioteshee miche ya nyanya.

"Shemeji, mimi nilijua ni takataka."

Sawa, yeye mgeni. Lakini mume wangu kamshukuru kwa kutusafishia uwanja! Miezi yote hii akiniona narudi nimelowa hadi kifuani, alidhani nafanya nini?